Banda Nililolikandika Mwenyewe

Huku kwetu adui wa kuku ni baridi. Mwewe yupo, kicheche yupo, na ugonjwa wa mdondo ukija unafagia mtaa mzima, lakini hao wanakuja na kuondoka. Baridi ina makazi hapa. Tukuyu mvua inanyesha mpaka unasahau kama jua lipo, na mwezi wa sita ukungu unashuka hadi mlangoni, ukitoka kumwaga maji huoni choo kilipo. Kwa hiyo mtu aliyelelewa kijijini Kinyala kama mimi anajua habari ya banda la kuku kabla hajajua kusoma. Liwe dogo. Likandikwe udongo ndani na nje, pasibaki tundu la kupitisha hata kidole. Mlango uzibwe kwa ubao na jiwe. Chini umwage majivu. Kuku wakibanana wanapeana joto, na asubuhi ukifungua unatoka mvuke kama umefunua sufuria.

Mimi nilifika darasa la nne nikaacha. Mengi siyajui na sijidai kuyajua. Lakini kuku nilijua, na aliyetaka kunifundisha kuku nilimwambia aanze na wa kwao.

Kuku wangu walikuwa wa mama yangu. Siku naolewa alinipa mtetea mweusi mwenye manyoya mpaka kwenye vidole, na jogoo wa uzao huo huo, akaniambia, "Kula, lakini usije ukawala ukawamaliza." Basi. Hakusema jambo jingine la maana siku hiyo. Nimeishi miaka mingi na yapo niliyoahidi nikavunja, lile sikulivunja. Mume alikufa, watoto wakatawanyika, miguu ikakataa milima ya Kinyala nikahamia Bulyaga, hapa Tukuyu mjini, kwenye kijumba kidogo, na kuku tukahama pamoja. Weusi, wafupi, manyoya mazito. Majirani wanasema kuku wa bibi wanazaliwa wamevaa koti.

Kitindamimba wangu ni binti, na ndiye binti pekee. Aliolewa upande wa Dodoma, si mjini, ndani kabisa, ambako mito ni mchanga mtupu na watu wanachimba mchangani kutafuta maji. Alikuwa amekaa huko miaka kumi na miwili. Alipojifungua mtoto wa tatu kwa upasuaji akanipigia simu.

"Mama, njoo unisaidie. Na uje na kuku wako."

"Kuku wa nini? Huko hakuna kuku?"

"Wapo. Ila nataka wanangu wawajue kuku wa bibi. Nije niwe na uzao wa kwangu."

Nilifurahi. Naliandika hilo kwa sababu yanayofuata hayana furaha. Nilifurahi kiasi kwamba sikumwachia mtu hata kifaranga, maana kuku wa kuachiwa mtu huliwa na ukirudi unaambiwa alichukuliwa na mwewe. Niliwatia wote katika tenga la mianzi, mitetea watano na jogoo mmoja, nikapanda nao basi mpaka Mbeya, na Mbeya nikapanda jingine.

Nilishuka huko mwezi wa kumi. Nilidhani kuna mtu anachoma shamba karibu. Hapakuwa na moto, ni hewa yenyewe ndivyo ilivyokuwa. Ardhi nyeupe, miti imebaki miiba, na saa tatu asubuhi bati la nyumba lilikuwa linalia ta, ta, ta kama mtu anarusha mawe.

Kuku wa pale niliwaona siku ile ile. Miguu mirefu, wengine wa kishingo, shingo tupu kama wamenyonyolewa wakaponyoka kabla ya kisu. Wanalala kwenye kibanda cha fito kilichoinuliwa juu ya miti minne, upepo unaingia huku unatokea kule. Nilicheka. Nikamwambia binti yangu, "Hili ni banda au kichanja cha vyombo?"

Akacheka na yeye. Sikuona kama kicheko chake kilikuwa kifupi.

Kesho yake nikaanza kujenga. Nilichagua ukuta wa nyumba unaoelekea magharibi kwa sababu ulikuwa tayari umesimama, nikasimamisha fito, nikaomba maji ya kukandikia. Maji pale yanatoka kwenye bomba la kijiji, mwendo wa nusu saa, na mkwe wangu ndiye aliyekuwa anayafuata na baiskeli. Niliomba ndoo moja. Nikaomba ya pili. Hakuna aliyesema neno. Nikakandika ndani, nikakandika nje, nikalainisha kwa kiganja. Mkwe wangu alileta kipande cha bati akakiweka chini mbali kidogo na mimi akaondoka, maana kwa desturi yao kama ilivyo kwetu mkwe hamsemeshi mama mkwe uso kwa uso. Nikaezeka. Nikaziba upenyo kati ya bati na ukuta kwa matambara na udongo. Lilikuwa banda zuri. Hata sasa nasema lilikuwa banda zuri, lingekuwa kwetu Rungwe.

Jirani yao alikuwa mwanamke wa rika langu, mfugaji wa kuku na mbuzi, mwenye maneno. Alikuja jioni, akalizunguka banda mara mbili.

"Dada," akasema, "hili ni banda au tanuri?"

"Ni banda."

"La kuku?"

"Ulidhani la nani?"

"Nimeuliza tu. Nilidhani unatuokea mikate."

"Kwetu kuku hatufundishwi," nikamwambia. "Tunazaliwa nao."

Akamtazama binti yangu aliyekuwa amekaa kizingitini akinyonyesha. Binti yangu akainamisha macho kwa mtoto, akamfuta mdomo ambao haukuwa na kitu. Jirani akasema, "Haya, dada. Mwenye kuku ni wewe." Akaenda zake. Nilijua ni wivu.

Asubuhi nikakuta juu ya bati pamewekwa matawi ya miti, mengi, yamepangwa. Nikayashusha. Matawi makavu ni nyumba ya nyoka, mtoto mdogo anajua hilo. Mkwe wangu alikuwa anatoka na baiskeli yake akaniona nayashusha. Alisimama. Akakohoa. Kisha akapanda baiskeli.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mimi sipendi kuwafunga, kamba inakata ngozi. Desturi ya mama yangu ilikuwa kuwafungia ndani siku saba wakajua hapa ndipo kwao. Chakula humo, maji humo. Siku mbili za kwanza palikuwa na mawingu na upepo, kuku wakakaa. Walikuwa wanahema midomo wazi lakini nikasema ni uchovu wa safari.

Siku ya tatu ilikuwa ya kwenda zahanati, mshono wa binti yangu ukaangaliwe na mtoto apimwe uzito. Tuliondoka mapema. Nilikuwa nimembeba mtoto, tuko njiani tayari, nikamuuliza, "Umeuangalia mlango wa banda?"

Alifungua mdomo. Naikumbuka sura yake vizuri kwa sababu jua lilikuwa linampiga usoni na alikunja jicho moja. Akafunga mdomo. Akafungua tena.

"Nimeuangalia, mama. Umefungwa vizuri."

Tulirudi saa tisa. Kwa mbali niliona bati linameremeta mpaka halitazamiki. Nikasikiliza. Kuku wangu wakinisikia huwa wanapiga kelele, hasa jogoo, alikuwa mpuuzi wa kelele. Kimya. Nikaondoa jiwe, lilikuwa la moto. Nikaondoa ubao, hewa iliyotoka ilinirudisha nyuma hatua moja. Jogoo alikuwa mlangoni, mdomo ameuingiza chini ya ubao mahali penye mwanya wa ukucha mmoja. Huko ndiko alikokuwa anatafuta hewa. Nyuma yake mitetea wanne, wamelala juu ya mwenzao. Wa tano alikuwa chini kabisa, kifua ndani ya sahani ya maji, na ndiye pekee aliyekuwa bado anapumua.

Nilipiga yowe. Jirani alifika wa kwanza, akamnyakua yule mtetea akamtumbukiza kwenye ndoo mpaka shingoni, akamtoa, akamtumbukiza tena. Hakunitania. Aliponiona nimekaa chini akakaa na yeye.

"Pole, dada. Pole sana. Tulisema hapa siku ile ile. Tulikaa tukasema, tumwambie bibi. Binti yako akasema mwacheni, ataona mwenyewe, mama yangu haambiliki."

Hakulisema kwa ubaya. Nadhani alifikiri ninajua.

Haambiliki. Kiswahili changu ni cha kujifunza, nyumbani tulisema Kinyakyusa, lakini neno hilo nililielewa lote. Mtoto wangu alikuwa amelisema mbele ya watu wa ugenini, wakati mimi niko nyuma ya nyumba yake nina udongo mpaka viwikoni.

Nikamuuliza binti yangu, "Ulijua?"

Alikuwa amesimama mlangoni. Hakukataa, nampa hilo. "Nilijua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoomba ndoo ya pili ya maji."

"Na asubuhi nilipokuuliza mlango?"

"Nilitaka kusema."

"Mdomo ulikuwa na kazi gani?"

Akaanza kulia, mkono ameuweka tumboni pale kwenye mshono. "Nani angekwambia, mama? Nani? Niliwahi kukwambia chumvi imezidi kwenye maharage, hukunisemesha toka Jumatatu mpaka Jumapili. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Kaka zangu walinikanya nisirudie tena maisha yangu yote."

"Chumvi si kuku," nikamwambia.

Tukawazika, maana kibudu hakiliwi. Mkwe alichimba. Mimi nilikaa mwezi mzima mpaka mshono ukapona. Nilipika, nilifua, nilimwogesha mtoto, na maneno niliyosema nyumba ile kwa mwezi ule yangeenea kwenye kisoda cha chupa. Kisha nikamtia mtetea wangu mmoja kwenye lile tenga kubwa, akawa anateleza huku na huku, tukarudi.

Nyumbani mvua ilikuwa imeanza. Mtetea aliposhushwa kwenye matope ya Bulyaga alisimama akajitikisa, akaanza kuchakura kana kwamba hakuwahi kwenda kokote. Mimi sikuweza hivyo. Nimesalitiwa na watu wengine katika maisha. Mjomba wangu aliuza ng'ombe wa baba yetu, mume wangu alikuwa na mwanamke Kyela, na hayo yote niliyapitia nikaamka asubuhi nikapalilia. Yale yalifanywa kwa tamaa. Hili lilikuwa tofauti. Wamekutana watu watatu wenye akili timamu, mmoja nimemzaa, wakaona mzee anajenga jeneza la kuku wake, wakampa maji ya kukandikia. Kwa heshima.

Ndiyo maana limenikaa. Kama mtu anaweza kuniua kuku kwa heshima, amenifanyia mangapi mengine? Nilikaa jikoni nikaanza kuzitilia shaka "ndiyo" zote nilizowahi kupewa. Wanawake wa jumuiya wanaosema ndiyo mama nikipanga zamu za usafi wa kanisa. Wake za wanangu wanaosifia mboga yangu. Mume wangu, hata yeye, marehemu, miaka yote ile akisema "sawa" na kuvaa kofia atoke. Nilikuwa nadhani natawala nyumba. Kumbe labda nilikuwa nafungiwa mlango vizuri.

Yule mtetea alitaga. Jogoo wa uzao wake hayupo, akapandwa na jogoo wa mtaani, vifaranga vikatoka vyekundu, vya madoadoa, kimoja tu cheusi na hicho miguu tupu. Niliviangalia nikamwomba mama yangu radhi. Kuku wake sikuwala nikawamaliza, lakini wamekwisha.

Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, binti yangu alikuja. Hakunitaarifu. Niliona tu mtu amesimama uani kwenye manyunyu, mtoto mgongoni, boksi limefungwa kamba mkononi.

"Mugonile, mama," akaamkia Kinyakyusa, kwa adabu kamili.

"Ndaga," nikaitikia. Nikampisha aingie.

Ndani ya boksi mlikuwa na kuku wanne wa kishingo, wale warefu wa kwao. Hakusema ni wa kuomba msamaha, na mimi sikusema nimeelewa. Alisema tu, "Hawa wanataga sana, mama. Wasichanganywe kwanza na wako, nisije nimekuletea mdondo. Nitawajengea pembeni."

Akajenga. Alikuwa ameamka na nguvu, amejifunga khanga kiunoni, anakata mianzi nyuma ya nyumba kama mtu mwenye kazi anayoijua. Kibanda cha fito, kimeinuliwa juu ya miti minne, upepo unaingia huku unatokea kule. Akakiweka upande ambako upepo wa mlimani unashukia. Aliondoka kwetu msichana, na mabanda nilikuwa nakandika mimi, simwachii mtu; msichana analala ndani karibu na moto, hakumbuki nje palivyo. Nilikuwa kwenye mlango wa jikoni namenya maharage mabichi.

"Mama, unaona? Kuku anataka hewa," akaniambia. Alikuwa anatabasamu.

Nilikuwa na maneno. Yalikuwa yamefika kwenye meno. Na papo hapo nikasikia moyoni, kwa sauti isiyo yangu: mwache, ataona mwenyewe.

"Naona," nikasema.

Nikamenya maharage. Nilipoinuka kuyainjika nikatazama tena nje, mawingu yalikuwa yameshafunika mlima. Bado nilikuwa na muda wa kusema. Tulikula, tukazungumza habari za mkwe, za bomba la kijiji kuharibika, za yule jirani kwamba ananisalimu sana. Bado nilikuwa na muda. Nililala nikiusikia upepo wa mvua ukipiga bati, nikavuta blanketi.

Asubuhi alikuwa amesimama uani na kuku wawili mikononi, shingo zile tupu zimelegea, zimegeuka rangi ya zambarau. Wawili waliobaki walikuwa wamejikunyata kwenye kona moja ya fito, wametota, wanatetemeka mpaka kibanda kinatikisika. Alinitazama. Ni mtoto wangu, ana macho yangu.

"Mama. Ulijua?"

Ningeweza kumwambia nilisahau. Mzee anaruhusiwa kusahau.

"Nilijua."

Akatikisa kichwa taratibu. Mtoto alikuwa analia ndani na hakuna aliyekwenda. Kisha akasema, "Basi tumelingana."

"Hatujalingana," nikamwambia. "Wako walikuwa wa kununua."

Sijui kwa nini alicheka. Alicheka na machozi yanatoka, na kuku wafu mikononi, na mimi nikakasirika, nikamnyang'anya. Nikamwambia awachukue wale wawili awaweke jikoni karibu na mafiga, asiwaweke karibu sana, majivu kwanza chini, na akachukue jembe tuponde udongo, na fito zile zilifungwa vibaya, na mtu hajengi kitu bila kutazama upepo unakotoka, na khanga ile ni ya kwendea kanisani si ya kuchanjia mianzi. Nilisema mpaka nikaishiwa pumzi.

"Umemaliza?" akauliza.

"Hivyo ndivyo mtu anavyoambiwa," nikasema.

Akaokota jembe. Tuliponda udongo siku ile mimi na yeye, mvua ikitunyeshea, na hatukusema tena habari ya banda la kule wala la huku. Alipoondoka aliomba mayai ya mtetea wangu mweusi akaatamishe kwake. Nilimwuliza atawaweka wapi vifaranga. Akaeleza. Nikamwuliza kivuli kitatoka upande gani saa tisa alasiri. Akaeleza. Nikafunga mayai sita, kila moja kwenye ganda lake kavu la mgomba, nikampa.

Siku hizi anapiga simu kila Jumapili na ananiambia kila kitu. Kwamba nakaa sana na nguo mbichi. Kwamba sauti yangu ni kali kwa wake za kaka zake. Kwamba yale maharage, mama, kweli chumvi ilikuwa imezidi. Namsikiliza mpaka mwisho, simu nimeishika mbali kidogo na sikio. Sijazoea, na sijapenda. Na lile neno alilonisemea kwa watu bado lipo, sijaliondoa. Lakini akinyamaza katikati ya sentensi, hata kwa kupumua tu, namwambia, "Sema. Usinifungie mlango."